Mafuta ya Pikipiki Yako Wapi Kwenye Bajeti?

Mnajua vile uzinduzi wa mradi wa kilimo huwa. Bango kubwa lenye nembo sita, gavana amevalishwa kofia ya mradi, mgeni kutoka ng'ambo ameshikishwa jembe kwa sekunde kumi ndio apigwe picha, halafu hotuba. Na ndani ya hotuba lazima kuwe na ile sentensi: maafisa wa kilimo mia kadhaa "watajengewa uwezo" katika kilimo endelevu. Watu wanapiga makofi. Mimi siku hizi sipigi. Nina swali moja tu, na huwa naliuliza chini ya kila posti ya uzinduzi nikiiona: mafuta ya pikipiki ya huyo afisa yako wapi kwenye bajeti?

Kawaida nablokiwa. Sawa. Leo naliuliza hapa kwangu, na wacha niliulize kwa urefu.

Kwanza, kabla mtu hajakimbia kwenye komenti kusema napinga mafunzo: sipingi. Afisa wa kilimo aliyemaliza chuo miaka ya tisini alifunzwa dunia ingine kabisa. Viwavijeshi wa sasa walithibitishwa Kenya 2017, na hakuna darasa la hapa lililokuwa limewafundisha watu wetu namna ya kuwatambua, sembuse kupambana nao bila kumwaga sumu shamba zima. Mvua haiji tena tarehe zile babu alikuwa anahesabu. Udongo wa sehemu nyingi za Magharibi umekuwa na asidi mpaka unaweka mbolea na mahindi yanakuangalia tu. Kwa hivyo mtaalamu arudi darasani, tena mara kwa mara. Shida yangu ni kwamba pesa tunazoomba kwa jina la mafunzo zinalipia kukaa kwenye kiti. Siku afisa anaporudi kwa wadi yake, pesa zinakuwa zimeisha, na hapo ndipo kazi ilikuwa inafaa ianze.

Nimeona kwa macho. Niliwahi kuitwa kupiga picha na video za mafunzo kama hayo, siku tatu, hoteli moja Naivasha. Mada ilikuwa afya ya udongo. Nilipiga picha mia nne na kitu, na nilipofika nyumbani kuzichagua nikagundua hakuna hata moja yenye udongo, ukitoa ile ya chungu cha maua pale mapokezi. Kuna slaidi. Kuna chai ya saa nne na ya saa kumi. Kuna watu wameshika vyeti. Kuna kazi za vikundi zimebandikwa ukutani kwa kalamu za rangi. Mwalimu enyewe alikuwa anajua kitu chake, nilijifunza mambo ya mboji ambayo sikuwa najua, na bado nayatumia kwa sufuria zangu za sukuma wiki kwa balkoni. Lakini alikuwa anaongea kuhusu udongo kwa watu waliokaa kwenye zulia.

Wakati wa chakula cha mchana nilikaa karibu na afisa mmoja, mzee wa heshima, amebakisha miaka michache astaafu. Nilimuuliza kama mafunzo yamemsaidia. Akacheka. Akaniambia hiyo mboji ameshafunzwa mara tatu, na miradi mitatu tofauti, na ana vyeti vyote vitatu. Kitu hana ni mafuta. Pikipiki ya ofisi ipo, imeegeshwa nyuma ya ofisi ya wadi, na mara nyingi akitaka kwenda kwa mkulima analipa bodaboda kutoka mfukoni. Kwa hivyo anaenda kwa wale walio karibu na barabara ya lami. Wengine wanampigia simu. Wengine walishachoka kupiga.

Huyo mzee si mvivu, na hilo ndilo linaniuma. Ukimweka kwenye ripoti ya mfadhili, yeye ni ufanisi: amefunzwa, amehesabiwa, amepewa cheti, kisanduku kimewekwa alama. Ukimweka kwa kijiji chake, yeye ni mtu wanayemsikia tu.

Sasa hesabu. Uwiano unaotajwa kila mara kama unaofaa ni afisa mmoja kwa wakulima 400. Hapa kwetu afisa mmoja anahudumia zaidi ya elfu moja, na kuna wadi ambazo hata hiyo elfu ni ndoto. Hii haikuanguka kutoka mbinguni. Miaka ya tisini, wakati wa ile mipango ya kubana matumizi tuliyoshinikizwa na wakopeshaji, serikali ilisimamisha kuajiri. Waliokuwepo wakaendelea kuzeeka kazini. 2013 kilimo kikaenda kwa kaunti, na kaunti nyingi zikapokea wafanyakazi wenye mvi, magari yaliyokufa, na vituo vya mafunzo vyenye paa linalovuja. Mfadhili akikuta hali hiyo, akasema atafunza maafisa, ni kama kukuta matatu haina magurudumu halafu unampeleka dereva shule ya udereva.

Na msidhani mkulima anakaa tu anangoja. Mkulima akikosa afisa anaenda agroveti. Anaeleza: mahindi yangu yana mashimo kwa majani. Mwenye duka anageuka nyuma, anatoa chupa. Simlaumu, yeye ni mfanyabiashara na ana kodi ya kulipa. Lakini hebu fikirieni: tunatumia mamilioni kufunza wataalamu jinsi ya kupunguza kemikali, halafu mtu pekee ambaye mkulima anaweza kumfikia kwa miguu ni yule anayeishi kwa kuuza kemikali. Na serikali hiyo hiyo inayozindua mradi wa udongo wenye afya inatangaza kwa mbwembwe mbolea ya ruzuku, gunia kwa 2,500, bila kumuuliza mkulima kama alipima udongo wake anahitaji nini. Mwingine alihitaji chokaa kwanza. Nani wa kumwambia? Afisa. Afisa yuko wapi? Naivasha.

Kuna watu wataniambia kilimo endelevu ni rahisi, mtu anaweza kusoma kwenye simu. Wacha niwape mfano wa sukuma-vuta, juu huo ni wetu na tunafaa kujivunia. Ulitengenezwa na icipe, kituo cha utafiti wa wadudu chenye makao Nairobi, kazi kubwa ikifanyika Mbita kando ya Ziwa Victoria, pamoja na Rothamsted ya Uingereza. Unapanda desmodiamu katikati ya mistari ya mahindi na nepia kuzunguka shamba. Harufu ya desmodiamu inafukuza wale nondo wa vipekecha shina, nepia inawavuta wakatage huko nje. Na desmodiamu inafanya kazi ya ziada: mizizi yake inaharibu kayongo, lile gugu lenye maua ya zambarau linalonyonya mahindi kutoka chini mpaka yanabaki kama yameungua. Juu ya yote unapata majani ya ng'ombe. Hakuna chupa ya kununua kila msimu.

Ajabu, sivyo? Sasa ona vile inakufa. Desmodiamu ikiwa changa ni kitu kidogo sana, inakua polepole, na kwa mtu ambaye hajawahi kuiona inafanana na magugu. Shangazi yangu kule Busia alipata mbegu kupitia kikundi chao cha akina mama. Akapanda vizuri. Wiki chache baadaye, wakati wa palizi, akawaleta vijana wa kibarua, wakapalilia safi kabisa. Waking'oa kila kitu isipokuwa mahindi. Mbegu si rahisi kupata na si bei ya mchezo. Alingoja afisa aje amwonyeshe kilichobaki ni kipi. Alingoja mpaka mavuno, na kayongo ilikuwa pale pale. Aliyemwokoa msimu uliofuata ni mama jirani, ambaye naye alijifunzia kwa dadake Siaya.

Ziara moja tu ya afisa, saa moja, wiki ya pili au ya tatu baada ya kupanda, ingetosha. Mafuta ya kufika pale hayafiki bei ya chai ya saa nne ya meza moja pale hotelini. Kilimo cha aina hii hakiko ndani ya chupa, kiko ndani ya macho ya mtu anayejua, na macho hayo lazima yafike shambani wakati unaofaa. Ndio maana ukifadhili mafunzo ya kilimo endelevu bila ziara, umefadhili nusu ya kitu, tena ile nusu ambayo peke yake haina faida.

Halafu kuna hili neno "msaada". Tunaambiwa tunyamaze, ng'ombe wa bure hachunguzwi meno. Wasee, someni karatasi. Ile miradi mikubwa ya kilimo ya Benki ya Dunia tuliyoizoea, KCSAP ya kilimo kinachostahimili tabianchi, dola milioni 250 kwa kaunti 24, NARIGP, dola milioni 200 kwa kaunti 21, na NAVCDP iliyoidhinishwa 2022, dola milioni 250 ingine, kwa sehemu kubwa ni mikopo. Ya masharti nafuu, miaka mingi ya kulipa, lakini mikopo. Kikundi cha wakulima kinapopewa fedha kinaambiwa ni ruzuku, na kwa kikundi ni ruzuku kweli. Kwa nchi ni deni. Kwa hivyo ile keki ya hotelini mimi na wewe tutailipia, na watoto wetu pengine. Nina haki ya kuuliza kama tulikula kilichotufaa.

Na hata zile za bure kabisa, tumeona mwaka 2025 zinavyoweza kuondoka. Januari Marekani ikasimamisha misaada ya nje, na kufikia tarehe 1 Julai USAID ilikuwa imefungwa. Mradi ukifungwa na kitu pekee ulichoacha ni vyeti, hakuna mtu kijijini anayejua kwamba kuna kitu kimefungwa.

Si kwamba hatujawahi kujua njia ingine. Miaka ya themanini Benki ya Dunia ilileta Kenya mfumo ulioitwa mafunzo na ziara. Afisa alikuwa anarudi kufunzwa kila wiki mbili, halafu ana ratiba ya kutembelea wakulima waliochaguliwa, siku inajulikana, shamba linajulikana. Ulikuwa na makosa yake, na wataalamu wameyaandika sana: amri zilitoka juu, wakulima waliochaguliwa mara nyingi walikuwa wale wenye uwezo, na gharama ilikuwa kubwa mno, kiasi kwamba pesa za mradi zilipoisha mwishoni mwa miaka ya tisini mfumo ukalala. Lakini angalieni jina. Mafunzo, na ziara. Sisi tumetupa ziara, tukabaki na mafunzo, kisha tukayahamishia hotelini.

Au nendeni Machakos mkaone matuta ya fanya juu. Kwanza muone, maanake ukipita kwa barabara unaona vilima vimekatwa ngazi mpaka juu. Kuanzia miaka ya sabini Uswidi ilifadhili kazi ya kuhifadhi udongo nchini, na maafisa walikuwa wanakwenda na kamba na kipima usawa, wanapiga mstari kwenye mteremko pamoja na mwenye shamba. Watu wa mwethya wakachimba. Sifa kubwa ni ya Wakamba wenyewe, waliyachimba hata miaka ambayo hakuna mradi, na wazee wao walikuwa wamelazimishwa na mkoloni kuchimba mengine kwa viboko, kwa hivyo wanajua tofauti. Ila afisa alikuwa pale, na miguu yake ilikuwa na vumbi. Miaka mingi imepita na matuta yapo. Nionyesheni warsha ambayo imeacha alama inayoonekana kutoka barabarani.

Sasa mtu ataniambia wafadhili ndio wanataka hivyo, hawawezi kulipa mafuta, hiyo inaitwa gharama ya kawaida na ni jukumu la serikali. Hebu tuangalie wanavyofanya kwao. Marekani wana mpango unaoitwa SARE, ulianza 1988, unatoa ruzuku za utafiti na elimu ya kilimo endelevu kwa pesa za mlipa kodi wao. Ndani yake kuna fungu maalum, tangu 1994, la kufunza wataalamu wa kilimo: maafisa wa ugani, watu wa serikali, wa mashirika, na hata wakulima wanaofunza wenzao. Nchi imegawanywa kanda nne, na kila kanda ina baraza linaloamua nani apewe pesa. Kwenye hayo mabaraza wanakaa wakulima. Siongelei wakulima wa kupigwa picha. Hawa wanasoma maombi na kusema hili ndio, hili hapana.

Na kuna kitu kingine kwa kanda yao ya kaskazini-mashariki ambacho nilipokisoma nilisimama. Ukiomba pesa za kufunza maafisa, kusema utafunza watu themanini haitoshi. Lazima uandike shabaha: kati ya hao uliowafunza, wangapi wataenda kuwasaidia wakulima, wakulima wangapi, wenye eka ngapi. Halafu uthibitishe. Yaani kuhudhuria kwenyewe hakuhesabiki kama matokeo. Kwao siku ya mwisho ya mafunzo ndiyo siku ya kwanza ya hesabu.

Kwetu siku ya mwisho ya mafunzo ni siku ya kutafuta risiti za teksi.

Najua hili la alawansi litaniletea maneno, kwa hivyo wacha niliseme wazi. Maafisa wengi wanategemea alawansi ya kulala nje kuongezea mshahara, na kwa mishahara ile siwezi kuwalaumu. Kuna mtu ambaye semina moja ya siku tano inamlipia karo ya mtoto. Mimi sitaki hiyo pesa wanyang'anywe. Nataka ihamishwe. Mlipe huyo mtu kwa siku aliyolala kijijini akifuatilia mashamba ishirini, kiwango kile kile ungemlipa kulala Naivasha au Mombasa. Muone kama hataenda. Tabia ya afisa haijaharibika, ila tumeweka asali hotelini na kushangaa nyuki hawako shambani.

Kuhusu simu na programu, mimi ni mtu wa mtandao, siwezi kudharau mtandao. Shamba Shape Up imekuwa kwa televisheni tangu 2012 na imefunza watu wengi kuliko warsha nyingi. Lakini hata wao, angalieni vizuri, wanafanya nini? Wanaenda shambani kwa mtu. Wanashika udongo. Kipindi kizima ni ziara.

Kwa hivyo hivi ndivyo ningegawa hizo pesa, na mwenye hesabu bora alete. Mafunzo yafanyike kwa vituo vyetu vya kaunti, kama vile Wambugu pale Nyeri au Waruhiu kule Kiambu, mahali kuna shamba nje ya dirisha. Paa likivuja, pesa ya hoteli ilitengeneze, na mwaka ujao bado litakuwa letu. Nusu ya fedha za mafunzo zisitoke mpaka msimu wa pili, baada ya wakulima wenyewe kusema afisa alifika na alifanya nini. Isiwe kwa fomu iliyojazwa na ofisi ya mradi, iwe kwa baraza, mbele ya watu, kwa lugha yao. Kwenye kamati inayoamua ni shirika gani lipewe kazi ya kufunza, nusu wawe wakulima, na akina mama wawe wengi kwani ndio wako shambani. Na mafuta yawe na mstari wake kwenye bajeti, uandikwe mafuta, usifichwe chini ya "uwezeshaji".

Wale vijana maelfu walioajiriwa kupitia NAVCDP kuwa washauri wa kilimo mashinani pia nawaunga mkono, wengine ni rafiki zangu. Ila wao nao wakianza kukusanywa ukumbini kila mwezi tutakuwa tumezalisha tatizo lile lile likiwa na umri mdogo na simu nzuri zaidi.

Mnauliza mtafanya nini. Kuna Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016. Raia yeyote anaweza kuandika barua kwa ofisi ya umma kuomba habari, na wanatakiwa kujibu ndani ya siku 21. Andikia idara ya kilimo ya kaunti yako. Omba vitu vitatu: mwaka jana zilitumika pesa ngapi kwa mafunzo ya maafisa, yalifanyika wapi, na kwa mwaka huo huo zilitumika ngapi kwa mafuta na ukarabati wa pikipiki za maafisa wa wadi. Makadirio ya bajeti ya kaunti yanafaa kufika bungeni kufikia tarehe 30 Aprili, na kabla yapitishwe kuna vikao vya umma. Nenda na hiyo karatasi. Ukiambiwa mafuta yamo ndani ya "shughuli za uendeshaji", omba nambari ya ukurasa.

Mimi barua yangu nimeshapeleka, iko na muhuri wa kupokelewa. Ukipata majibu ya kaunti yako nitumie picha, nitaziweka hapa zote, kaunti baada ya kaunti, hoteli upande mmoja na mafuta upande wa pili.